Picha ya saba haikutundikwa: kisa cha mchoraji wa Kihopi na maonyesho ya picha kumi

Ukitaja kijiji na ukoo wa Mhopi, mtu wa kabila dogo la wenyeji wa asili wa Marekani, umeshamtaja mwenyewe. Kwa hiyo jina la mchoraji, kijiji chake, ukoo wake, mji wa maonyesho na mwaka vimeondolewa hapa, na hata kama ni mwanamume au mwanamke hatusemi. Vipimo, mchanganyiko wa udongo na masharti ya mkataba vimeachwa, maana ndivyo vitakavyomsaidia mchoraji mwingine au msimamizi wa nyumba ya sanaa.

Usuli

Wahopi wanaishi kaskazini-mashariki mwa Arizona, Marekani, juu na chini ya vilima vitatu vya mawe vyenye vichwa bapa. Vijiji vyao ni 12. Kimoja, Oraibi, kimekaliwa bila kukatika tangu karne ya 12. Eneo lao lilitengwa kwa amri ya rais wa Marekani mwaka 1882, na leo limezungukwa pande zote na ardhi ya Wanavajo. Ni nchi kavu. Mahindi hupandwa kwa kijiti kirefu, mbegu inazamishwa mpaka ikutane na unyevu, wala hakuna mfereji wa kumwagilia.

Mtoto wa Kihopi ni wa ukoo wa mama yake. Nyumba na shamba hufuata upande huo huo. Mjomba ndiye mwenye sauti ya kumrudi na kumfundisha, na mashangazi, yaani dada za baba, ndio wanaompa mtoto jina alfajiri ya siku ya 20 baada ya kuzaliwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa tofauti ya mjomba na baba mdogo, na kisa hiki chote kimesimama juu ya tofauti hiyo.

Uchoraji si jambo geni kwao. Kiva, chumba cha ibada ambacho kwa kawaida huchimbwa chini na kuingiwa kwa ngazi kupitia darini, zamani kilichorwa kutani. Wachimbuzi wa jumba la makumbusho la Peabody la Chuo Kikuu cha Harvard walipofukua magofu ya Awatovi, kijiji cha kale cha Wahopi, kati ya 1935 na 1939, walikuta kuta zilizopakwa lipu, zikachorwa, kisha zikapakwa lipu nyingine juu ya picha na kuchorwa tena, tabaka juu ya tabaka. Rangi ilipakwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka: ngeu, udongo wa njano, masizi, udongo mweupe, na buluu ya jiwe la azuriti. Picha ilitumika kwa wakati wake, kisha ikafunikwa. Tutalirudia hili.

Kwenye karatasi na turubai, Fred Kabotie, Mhopi wa kijiji cha Shungopavi, alianza akiwa mwanafunzi mjini Santa Fe, na mwaka 1933 picha zake za ukutani zilikuwa tayari ndani ya mnara wa Desert View kwenye ukingo wa Grand Canyon. Mwanawe Michael Kabotie na wenzake wanne waliunda kundi la Artist Hopid mwaka 1973, wakachukua maumbo ya Awatovi na kuyaweka kwenye akriliki, yaani rangi yenye gundi ya plastiki. Mchoraji wa kisa hiki anatoka kwenye mkondo huo. Amelelewa mjini, amesoma chuo cha sanaa, na hurudi kijijini kwa ajili ya kupanda mahindi na kwa ngoma ya Julai.

Ngoma hiyo inahusu katsina. Hao ni roho wanaoleta mvua na uhai. Hukaa miongoni mwa watu tangu majira ya Desemba, jua linapofika mwisho wa safari yake ya kusini, hadi Julai, wanapoagwa na kurudi kwenye milima iliyo karibu na Flagstaff. Watoto huingizwa katika siri zake kwa hatua, na kuna mambo ambayo hata mtu mzima hayajui kama hakupitia chama cha ibada kinachohusika. Aliyepita jando au unyago anaelewa kwamba elimu ya namna hii ina mlango. Mwaka 2013 vinyago vitakatifu vya Wahopi vilipigwa mnada mjini Paris huku wenyewe wakipinga mahakamani na kushindwa. Baadaye mwaka huo huo taasisi moja ya Marekani ilinunua 24 ili irudishe, 21 vya Wahopi na vitatu vya Waapache. Wazee wa mchoraji huyu walizifuatilia habari hizo siku kwa siku.

Kazi iliyokubaliwa

Mwezi Agosti nyumba ya sanaa katika mji mkubwa wa kusini-magharibi ilimwomba picha 10 kwa maonyesho ya peke yake, kufunguliwa mwanzoni mwa Juni. Masharti yalikuwa mali kauli: picha zikae pale, zikiuzwa wagawane nusu kwa nusu, zisizouzwa zirudi. Kugawana nusu ni kawaida ya soko hilo. Mkataba ulikuwa na kurasa tatu. Haukusema mchoraji anaweza kuondoa picha lini, wala nani atakubali maneno ya lebo, wala picha itumike wapi zaidi ya ukutani.

Mpango wa mchoraji ulikuwa mzuri: picha nne za pande za dunia, tatu zenye maumbo ya vyungu vya kale, mbili za shamba la mama yake, na moja iliyokuwa moyo wa maonyesho. Hiyo ndiyo picha ya saba. Zote zingechorwa juu ya udongo wa shamba lenyewe ili mtazamaji aone lipu ya ukuta mbele yake. Mama aliombwa udongo, akatoa debe mbili kutoka ukingo wa korongo linalopita kando ya shamba.

Udongo ulivyogoma

Septemba kazi ilianza kwenye turubai za pamba zilizowambwa, sentimita 90 kwa 120. Ziliwekwa mikono miwili ya jeso, rangi nyeupe ya msingi, kisha udongo uliochekechwa na kukorogwa na gundi ya akriliki iliyozimuliwa: gundi kipimo 1, maji vipimo 5. Ulipakwa kwa mwiko mara moja, unene wa milimita 4.

Siku ya pili nyufa zilikuwa zimetapakaa kama tope la bwawa lililokauka. Mchoraji alizijaza, akaendelea. Novemba, turubai tatu zilipolegea na kabari za pembeni kugongwa ili zikaze, pembe zote zilibanduka vipande vyenye ukubwa wa kucha. Ukipitisha kiganja juu ya picha kilitoka na vumbi.

Makosa yalikuwa manne, na yalisaidiana. Mfinyanzi hunywea unapokauka, na hapa ulikuwa mwingi mno kwa mchanga uliokuwamo. Unene wa milimita 4 kwa mkono mmoja ulifanya juu kukauke kabla ya chini, kwa hiyo juu kulivutana na kupasuka. Gundi ilizimuliwa hadi haikuwa na nguvu ya kushika chembe. Na turubai yenyewe hucheza: hulegea na kukaza kwa kila badiliko la unyevu, ilhali udongo mkavu haujui kucheza. Kosa la nne ndilo kubwa. Hata mchanganyiko bora usingevumilia kabari.

Marekebisho yalichukua wiki sita, na yanastahili kuelezwa hatua kwa hatua kwa sababu yalifaulu.

Kwanza udongo ulipimwa kwa chupa. Jaza theluthi moja udongo, ongeza maji hadi karibu na mdomo na chumvi kidogo ya jikoni ili mfinyanzi utue, tikisa dakika mbili, acha siku nzima. Mchanga hutua kwanza, tope laini linafuata, mfinyanzi juu. Chupa ilionyesha mchanga vipimo 5, tope laini 2, mfinyanzi 3. Mfinyanzi wa asilimia 30 ni mwingi kwa lipu nyembamba. Ulipochanganywa na mchanga safi wa mto kwa kiasi sawa ukashuka hadi 15.

Pili ukaoshwa. Udongo wa nchi kavu una chumvichumvi, na chumvi hiyo huja juu baadaye kama ukungu mweupe, hasa kwenye rangi nyeusi. Uliloweshwa ndooni, ukakorogwa, ukaachwa utue usiku kucha, maji ya juu yakamwagwa. Ilirudiwa mara tatu. Kisha ukaanikwa, ukapondwa na kuchekechwa kwa wavu wa nusu milimita.

Tatu turubai ziliachwa. Mahali pake paliwekwa plaiwudi ya milimita 12 yenye fremu nyuma ya kuzuia kupinda. Mbao zilipakwa gundi ya akriliki mikono miwili pande zote pamoja na kingo. Ukipaka mbele tu, nyuma hunywa unyevu peke yake na ubao hujikunja kama jani la mgomba.

Nne lipu: udongo na mchanga uliokwisha changanywa, ukalowanishwa kwa gundi kipimo 1 na maji vipimo 2 hadi uwe kama uji mzito. Ikapakwa mikono mitatu, kila mkono usizidi milimita 1, kila mmoja ukikaushwa saa 24. Mita moja ya mraba kwa unene wa milimita 1 hula lita moja, kwa hiyo ubao wa sentimita 100 kwa 100 ulikula lita tatu. Mkono wa mwisho, ukiwa haujakauka kabisa, ulisuguliwa kwa jiwe laini la mfinyanzi wa vyungu. Ukisugua mapema jiwe linaburuta, ukichelewa linakwaruza. Wakati wake ni pale kidole kinaposikia baridi bila kuacha alama.

Rangi nazo zilikuwa na ukaidi wake. Udongo mweupe wa kaolini, ule ambao kwenye ukuta wa kiva unang'aa, uliingizwa kwenye gundi ya akriliki na kugeuka kijivu, karibu uone lipu nyuma yake. Sababu ni kwamba kaolini hupindisha mwanga karibu sawa na akriliki iliyokauka. Chembe zikizungukwa na gundi, mwanga unapita tu. Kwenye ukuta mkavu chembe zimezungukwa na hewa, ndiyo maana ni nyeupe. Mchoraji alipunguza gundi hadi mahali ambapo rangi ilikuwa inakaribia kupukutika, kisha akaongeza nyeupe ya titani kidogo, kipimo 1 kwa 6 vya kaolini. Nyeupe ya titani peke yake ilikuwa baridi, kama mlango wa jokofu. Azuriti ilihitaji kusagwa kwa chembe kubwa, kwa sababu ikisagwa sana hupauka. Vanishi haikupakwa kabisa. Vanishi ingetia giza kwenye udongo na kuufanya uonekane plastiki. Badala yake picha ziliwekwa nyuma ya plastiki angavu ya kuzuia miale, ikiachwa nafasi ya milimita 6 isiguse uso.

Ubao mmoja ulipokamilika ulifika takriban kilo 16. Nyumba ya sanaa ilikuwa imezoea ndoano za waya. Ilibidi zifungwe mbao mbili zilizokatwa mshazari, moja ukutani na moja nyuma ya picha, zikamatane.

Picha ya saba

Machi mchoraji alichora kile alichokiita moyo wa maonyesho. Chanzo chake kilikuwa picha za kamera zilizopigwa na H. R. Voth, mmisionari wa Kimennonite aliyekaa Oraibi tangu 1893 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Voth aliingia katika kiva, akapiga picha madhabahu na ibada, na maelezo yake yakachapishwa na jumba la makumbusho la Chicago. Machapisho hayo yamo maktabani, mtu yeyote anaweza kuyafungua. Kilichochorwa hapa hatukielezi, kwa sababu ile ile iliyofanya picha iondolewe.

Kwa sanaa tupu ilikuwa picha bora kuliko zote tisa. Lipu ilikuwa imekaa, nyeupe ilikuwa nyeupe, na mpangilio ulikuwa na utulivu ambao picha nyingine zilikuwa zikiutafuta bado. Nyumba ya sanaa iliipiga picha mwishoni mwa Machi na kuiweka kwenye kadi ya mwaliko. Kadi 400 zilichapishwa, na picha ikatumwa kwa barua pepe kwa wateja.

Katikati ya Aprili mama alikuja kuona udongo wa shamba lake umekuwa nini. Alizitazama picha za shamba kwa muda mrefu, akagusa ukingo wa moja kwa kidole. Alipofika kwenye ya saba hakusema kitu. Jioni alimpigia simu kaka yake.

Mjomba alifika Jumapili iliyofuata, safari ya saa kadhaa, na akafanya jambo la kwanza kabla ya salamu kwisha: akauinua ubao kwa mikono miwili na kuugeuza uso ukutani. Ndipo akaketi. Hakumkemea. Alimuuliza mpwa wake maswali manne. Nani alikuonyesha hiki? Kitabu, Mjomba. Aliyeandika kitabu alionyeshwa na nani? Chama chenye kitu hiki ni cha kijiji gani? Na watoto ambao bado hawajaingizwa, watakapokiona kwenye kadi, watakuwa wameelezwa na nani?

Mchoraji alijibu la kwanza tu.

Swali la tatu ndilo lililofunga mlango. Kila kijiji cha Kihopi hujitawala katika mambo ya ibada. Hata mjomba angetaka kutoa ruhusa, hakuwa nayo. Kitu kilikuwa cha chama cha kijiji kingine, na ukoo wa mchoraji haukuwa na zamu ndani yake. Mchoraji alikuwa ameamini kwamba kuzaliwa na mama Mhopi, na kusajiliwa katika kabila, kunatosha.

Maamuzi na sababu zake

Kuondoa picha kuliamuliwa usiku ule ule, bila ubishi. Ugumu ulikuwa nini kifuate.

Wazo la kwanza la mchoraji lilikuwa zuri kwa kulisikia: ifunikwe kwa lipu mpya kama kuta za Awatovi zilivyofunikwa, ichorwe shamba juu yake, na itundikwe. Ingekuwa picha yenye siri chini ya ngozi. Mjomba alikataa, na sababu zake mbili ni za kivitendo. Ya kwanza, habari ya kilichofunikwa ingetoka, nyumba ya sanaa isingeweza kuizuia isiwe kwenye lebo, na hapo picha iliyofichwa ingeuzwa ghali kuliko iliyo wazi. Ya pili, tabaka za Awatovi zenyewe zilibanduliwa moja moja na wachimbuzi kwa gundi na kitambaa. Kilichofunikwa kimewahi kufunuliwa, na leo kuna mashine za kuona chini ya rangi bila hata kuibandua.

Ikaamuliwa ikwanguliwe yote hadi kwenye ubao.

Picha tatu za vyungu nazo zilipitiwa. Maumbo yake, mabawa na manyoya yaliyopinda, ni ya Sikyatki, kijiji kilichokuwa chini ya kilima cha kwanza na kuachwa kabla ya Wahispania kufika. Vyungu vyake vya njano vilichomwa kwa makaa ya mawe. Nampeyo, mfinyanzi mkubwa wa kijiji cha Hano, aliyahuisha maumbo hayo mwishoni mwa karne ya 19 na familia yake inaendelea nayo. Lakini vyungu vingi vilivyo makumbusho vilitolewa makaburini, katika uchimbuzi wa Jesse Walter Fewkes wa 1895. Picha moja ilikuwa imenakili bakuli la kaburini, mstari kwa mstari. Ilirekebishwa: umbo likavunjwa, likakuzwa hadi pindo moja la bawa lijaze ubao mzima. Ikawa picha bora zaidi, na mchoraji mwenyewe alikiri hivyo. Mbili nyingine ziliachwa.

Kuhusu lebo, nyumba ya sanaa ilikuwa imeandika kwamba picha ni za ibada na zinabeba baraka. Maneno hayo yalifutwa. Yakabaki: jina la msanii, Mhopi aliyesajiliwa, jina la picha, udongo, rangi za mawe na akriliki juu ya ubao, vipimo. Sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu sanaa za Wahindi Wekundu inakataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na mtu wa kabila fulani kama sivyo, na adhabu ya kosa la kwanza kwa mtu binafsi inaweza kufika dola 250,000 na kifungo cha miaka mitano. Mchoraji huyu alikuwa salama kwa sheria hiyo. Ndiyo maana hakuna wakili wala nyumba ya sanaa aliyeona tatizo: sheria inauliza nani amechora, wala haigusi amechora nini.

Mwisho, nyumba ya sanaa ilitaka kuchapisha skafu na mabango ya picha za pande nne. Ilikataliwa. Nchini Marekani kuuza picha si kuuza haki ya kuinakili, haki hiyo hubaki kwa msanii mpaka aitoe kwa maandishi. Ilipewa ruhusa ya orodha ya maonyesho tu, picha nzima bila kukatwa.

Matokeo

Maonyesho yalifunguliwa siku iliyopangwa yakiwa na picha tisa. Ukuta wa kumi uliachwa mtupu, bila maelezo. Kadi zilizobaki kati ya zile 400 zilirudishwa na kusagwa, ingawa karibu 60 zilikuwa zimeshatumwa. Mchoraji alilipa nusu ya gharama ya uchapaji, kwa sababu mkataba haukuwa na kifungu cha kuondoa picha na alitaka kubaki na uhusiano mzuri. Picha sita ziliuzwa. Hakuna ubao uliopasuka wala kupinda kwa miezi mitatu ya maonyesho.

Siku moja kabla ya kufungua liligunduliwa kosa jingine. Picha za pande nne zilikuwa zimetundikwa kwa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi ya dira. Pande za Wahopi hufuata mahali jua linapochomoza na kuzama katika siku ndefu na siku fupi za mwaka, na kila upande una rangi yake: njano ni kaskazini-magharibi, buluu kusini-magharibi, nyekundu kusini-mashariki, nyeupe kaskazini-mashariki, na huhesabiwa kwa mpangilio huo. Kwao jua la Juni huchomoza takriban nyuzi 30 kaskazini ya mashariki. Mtu wa Mombasa, ambako tofauti haifiki 24, anaweza kuishi maisha yake akisema jua hutoka mashariki na asikosee sana. Pale huwezi. Picha zilihamishiwa kwenye pembe nne za chumba, na nusu saa ya kazi ikatosha.

Nakala za barua pepe hazikuweza kurudishwa. Picha ya saba bado ipo kwenye simu na kompyuta za watu wasiojulikana. Hili halina dawa.

Uchambuzi

Upande wa ufundi, uamuzi wa kuacha turubai ulikuja wiki nane baada ya nyufa za kwanza. Kujaza nyufa kulificha dalili. Kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30, kikapakwa, kikakaushwa na kupindwa kwa mkono, kingetoa jibu kwa siku tatu. Tunamshauri mtu yeyote anayetaka kuchora juu ya udongo aanze hapo, na akivunje kile kipande kwa makusudi.

Kuhusu picha ya saba, kosa halikuwa dharau. Mchoraji aliuliza, ila aliuliza maktaba. Kitabu kilichochapishwa kina sura ya kitu kilichokwisha kuruhusiwa, na kwa jamii ambazo mambo yao yaliandikwa na wageni sura hiyo ni ya uongo. Wahopi wana ofisi ya kulinda utamaduni iliyoko Kykotsmovi, na kanuni zake zinamtaka mtafiti, mwandishi au mpiga picha aombe kabla ya kutumia elimu yao. Mwana wa kabila huanzia nyumbani, kwa mjomba na kwa wenye chama. Lakini swali ni lile lile na lilipaswa kuulizwa Septemba.

Wakati nao ulimponza. Kuanzia Desemba wazee wameshikwa na mambo ya kiva, na Februari ni mwezi mzito kupita yote. Mchoraji aliogopa kuwasumbua, akasubiri, na kusubiri kukawa kuchora. Mkataba wa Agosti ulikuwa umempa miezi mitatu mitupu ya kuuliza, yote ikaliwa na tope.

Nyumba ya sanaa nayo ina sehemu yake. Ilichagua picha ya kadi kwa kuangalia ipi itavuta macho, bila kumuuliza mchoraji kama kuna isiyofaa kusambazwa. Kwa kazi ya namna hii kadi ni hatari kuliko ukuta. Ukuta unaweza kuachwa mtupu asubuhi.

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yetu, ni yale ambayo hayakuonyesha chochote kitakatifu. Picha mbili za shamba zilikuwa na mistari ya mashimo ya mahindi tu, kila shimo limebonyezwa kwenye lipu mbichi kwa ncha ya kijiti, na rangi ya mahindi ya buluu chini yake, nyembamba kama piki, mkate wa Wahopi wa mahindi ya buluu ulio mwembamba kama karatasi. Wahopi waliokuja kwenye ufunguzi walisimama pale, wakahesabu hatua kati ya shimo na shimo, wakabishana kama nafasi zinatosha. Mmoja alisema shamba hilo limepandwa na mtu mwenye haraka. Hakuna lebo ambayo ingeweza kuamsha mazungumzo hayo.

Mkataba mpya wa mchoraji una vifungu vitatu vya ziada: anaweza kuondoa picha yoyote bila faini hadi siku 30 kabla ya ufunguzi, hakuna picha inayosambazwa kabla hajaitia saini moja moja, na maneno ya lebo ni yake.

Limebaki jambo moja dogo. Picha ya saba ilipokwanguliwa, mjomba alitaka udongo urudishwe korongoni ulikotoka. Haukuweza kurudi. Ulikuwa na akriliki ndani yake, na akriliki iliyokauka haiyeyuki kwa maji wala haiozi, kwa hiyo shamba lingepewa plastiki. Ndoo ya makwanguo iko karakana mpaka leo. Vipande vya majaribio vya sasa vimechanganywa na gundi ya ngozi ya sungura, kipimo 1 kwa maji 12, iliyoloweshwa usiku kucha na kupashwa moto bila kuchemka. Haishiki vizuri kama akriliki na haitaki unyevu. Lakini ukiweka kipande kwenye maji ya vuguvugu na kusubiri, udongo unaachia na kutua chini ya ndoo, mchanga kwanza, mfinyanzi juu.